Bwana Maringo

Gari la moshi la kutoka Tanga liliingia Same kwa kuchelewa, na stesheni ikajaa vikapu, kuku na watu wanaoitana. Katikati ya msukumano huo Yusto, mwalimu kijana wa shule ya misheni huko Bombo, alihangaika na tai yake mbele ya dirisha la ofisi. Alikuwa amekuja kumpokea mkaguzi wa shule, Mwingereza, na tai ilikuwa imejifunga kama kamba ya mbuzi.

"Mwalimu, utajinyonga," sauti ilisema.

Alikuwa msichana wa gauni la maua ya njano na kilemba cheupe. Hakungoja ruhusa. Aliifungua tai, akaizungusha na kuikaza, vidole vyake vikinukia sabuni.

"Umejifunza wapi?"

"Nina kaka wengi."

Hakuwa na kaka hata mmoja. Aliitwa Dorkasi, mzaliwa wa Ngujini. Alikwenda Tanga kulea watoto wa watu, akaangukia katika kundi la waimbaji wa vichekesho, na sasa kundi lilikuwa na ukumbi wake Same, nyuma ya soko. Hayo Yusto aliyajua Jumamosi iliyofuata, alipokwenda kumwona Bwana Maringo ambaye mji mzima ulimzungumzia. Bwana huyo alitokea na suti nyeupe, fimbo, na masharubu ya masizi. Aliimba habari za karani aliyerudi kwao mlimani akakataa makande mpaka aletewe uma. Watu walicheka wakashika mbavu. Aliposhukuru kwa kuvua kofia, Yusto aliziona nywele zilizosukwa, na macho ya yule wa stesheni.

Masikio yalimwaka moto. Hata hivyo alirudi Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Walikaa uani baada ya onyesho, Dorkasi akimtania kwamba anapenda kama anayesahihisha madaftari, Yusto akimwita "bwana wangu" kwa sauti ya chini. Alimwambia kila kitu isipokuwa kwamba kwao Bombo hakuna aliyejua habari za Dorkasi.

Dorkasi ndiye aliyetaka kumwona mama yake Yusto. Walipanda mlima siku ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hutoka kwa wito wa pembe kufanya kazi ya wote. Kazi ilikuwa kuzoa tope katika ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Mzee wa kanisa, Sefania, aliegemea jembe na kuuliza mwalimu amekuja na nani.

Watu walinyamaza kusikiliza. Yusto alimwona mama yake, Raheli, akiinua kichwa.

"Ni mshonaji," alisema. "Amekuja kumpima mama gauni."

Dorkasi alimtazama mara moja tu. Kisha alifungua uzi uliofunga kifurushi chake, akamwendea Raheli, akampigia magoti. Alimpima mabega, kifua na mikono, akipiga mafundo kwenye uzi na kuuliza kama mama anapenda kola ya duara. Hakuna aliyeshuku. Ulikuwa mchezo wake bora kuliko yote, na Yusto alisimama ndani ya tope akitamani limmeze.

Njiani kuteremka Dorkasi hakumruhusu amsindikize.

"Mimi hupakwa masizi nikilipwa," alisema. "Wewe umenipaka bure. Na mama yako alinishukuru, Yusto. Alinishika mikono akanishukuru."

Wiki zilizofuata Raheli aliuliza kila jioni kama gauni liko tayari, na kila jioni mwanawe alikosa pa kutazama. Pembe ilipolia tena hakuwa na usingizi wala hamu ya chakula. Kabla watu hawajashika majembe, alisimama ukingoni mwa ndiva.

"Yule mgeni si mshonaji," alisema. "Ni Dorkasi. Huimba ukumbini Same, amevaa suti ya kiume. Nataka kumwoa. Nilimwonea haya mbele yenu, nikamfanya amdanganye mama."

Mtu alicheka, akaacha. Sefania alisema polepole kwamba mwalimu akae nje ya darasa hadi baraza la kanisa liamue. Yusto akaitikia.

Raheli aliendelea kujaza karai lake tope. Hakuinua kichwa.

"Kamlete," alisema. "Aje anitazame usoni, si mabegani."

Yusto alimkuta Dorkasi uani akinawa masharubu. Alimweleza yote, na la baraza pia. Maji meusi yalimtiririka Dorkasi kidevuni.

"Mama ana hasira?"

"Anayo."

"Angekuwa hana, ningeogopa zaidi. Nimeona aibu kila nilipouona ule uzi." Alijifuta uso. "Na wewe, ukifukuzwa?"

"Nitalima. Ila sitakuficha tena, mpenzi."

Asubuhi walipanda. Raheli alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, akichambua maharage. Dorkasi alisimama mbele yake, bila mchezo wowote usoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Dorkasi. Sijui kushona."

Raheli alimtazama kwa muda mrefu.

"Marahaba," alisema, akasogea, na kumwachia nafasi ya kukaa.