Aliyekwenda Likizo Badala ya Tarmuji

Karatasi ya likizo ilitoweka mtini, lakini msumari ulibaki palepale, haukulegea wala kupinda. Hapakuwa na upepo tangu jana. Askari wa zamu waliapa kwamba hawakugusa kitu, na Tarmuji aliwaamini, maana hakuna mtu mwenye akili zake aliyeugusa mti ule.

Katika kituo kile cha mpakani, ndani ya msitu wa Kalimantan, njia ya kwenda chooni ilipita chini yake. Kila aliyepita alimwambia kwanza mzimu aliyekaa humo, "Samahani Babu, mjukuu wako napita." Walisema Wajava, walisema Wabugi, na waliojifanya hawaamini mambo hayo walisema pia, ila kwa sauti ya chini. Jana yake Tarmuji hakuomba ruhusa. Alishika jiwe, akapigilia karatasi yake kwenye shina.

"Babu, wewe hujawahi kupewa likizo," alisema kwa hasira. "Haya, chukua yangu. Nenda Wonosobo ukale sikukuu na mama yangu."

Rafiki yake, Koplo Zulfahri, alimdaka mkono. "We Muji, una wazimu? Hapo si pa utani!"

"Kwani umeniona nacheka?"

Kweli hakuwa akicheka. Karatasi ilikuwa halali: siku kumi, sahihi ya Luteni, muhuri juu yake. Miaka mitatu nyuma mama yake alimfichia vyeti ili asiende jeshini, naye akamfokea mbele ya majirani, "Kuanzia leo sina mama!" Mama hakulia. Alimjibu tu, "Nenda. Lakini radhi yangu inabaki hapa nyumbani, mpaka siku ya Idi utakapopiga magoti mbele yangu." Idi mbili zilimkuta zamuni. Mwaka huu mama alikuwa kitandani, figo zimechoka, na Dada Marni alishamwambia kwenye simu kwamba safari hii asichelewe.

Basi siku ile ya kuondoka, mizigo ikiwa imefungwa, Luteni Hendarto akafuta likizo zote na kuwaamuru wazichane karatasi. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja na wapiga picha kutengeneza filamu ya sikukuu mpakani, na filamu ilihitaji nyuso. Watu wakanyimwa kwenda kwao ili wapigwe picha wakiwa na furaha! Kitambaa kikatundikwa langoni, ARI YETU HAIPUNGUI, na Luteni mwenyewe akasimamia kamba zikazwe.

Asubuhi ya Idi waliswali, kisha wakatabasamu. Walitabasamu mara nne, kwa kuwa mara tatu za kwanza mwanga ulikuwa mbaya, huku wakishika ketupat zilezile mpaka wali ukapoa ndani ya majani yake.

"Wewe wa pembeni," mpiga picha alimwambia Tarmuji, "hebu cheka kama mtu anayemwona mama yake."

Walipoachiliwa, Tarmuji alikimbia kwenye kilima cha tangi la maji, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akampigia dada yake. Marni alipokea akicheka.

"Muji, acha utoto. Simu ya nini na uko chumbani kwa Mama?"

"Chumbani wapi? Dada, niko kituoni. Likizo zimefutwa."

"Nakuona mgongo kutoka hapa mlangoni! Tangu majuzi nakwambia, ukaoge, unanuka ubani na majani mabichi."

Hapo nyenje wa msitu mzima wakanyamaza kwa pamoja, jua likiwaka, na katika kimya kile Tarmuji akasikia ndani ya simu mwanamume akisema polepole, "Mama, nimekuja, nisamehe ya wazi na ya moyoni," akaitambua sauti ile kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha mwisho wa maneno, na kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele akamsikia mama yake akilia kile kilio alichokizuia miaka mitatu, akisema, "Nimekuwia radhi, mwanangu, kwa yote, sikubakiza hata chembe."

"Dada, mtoe! Huyo si mimi! Mama, niko huku!"

Marni aliacha kucheka. Kisha akanong'ona kwa hofu, "Wewe ni nani? Simu ya mdogo wangu umeipata wapi?" Akakata, na tangu hapo hakupokea tena.

Siku ya tatu ya Idi salamu ziliingia kituoni kutoka kwa mkuu wa kijiji: mama amefariki, na mwanawe amemshusha kaburini kwa mikono yake. Luteni alizisoma mara mbili, akamtazama Tarmuji aliyesimama mbele yake.

Siku ya kumi ya likizo ile, adhuhuri, nyenje walinyamaza tena. Tarmuji na Zulfahri walikuwa langoni.

"Muji," Zulfahri alinong'ona, "usigeuke."

Aligeuka. Barabarani alikuja Tarmuji mwingine, magwanda yamenyooka, kucha zimejaa udongo mwekundu wa kaburi, akasimama nje ya lango kwa adabu, na pale alisimama bila kupepesa jicho kwa saa nzima, ubani ukinuka mpaka jikoni, mpaka Imamu Mahrus alipoletwa kutoka kijiji cha chini, akasoma, akapulizia maji, akasoma tena kwa sauti ya juu zaidi, na kila aya ilipokwisha kile kitu kiliinamisha kichwa na kuitikia, machozi yakikitiririka, "Amina."

Imamu alifunga kitabu, akamgeukia Luteni. "Nimefukuza majini wengi. Huyu ana radhi ya mama, simwezi. Afande, karatasi ndiyo iliyompa njia. Ifunge."

"Nimeripoti, afande," kilisema, kikimnyoshea karatasi ile yenye tundu la msumari. "Sikuzidisha hata siku moja."

Luteni aligonga muhuri: AMEREJEA. Kikapiga saluti, kikaenda mtini, hakikuonekana tena.

Jioni Tarmuji aliomba ruhusa ya kwenda kaburini. Luteni alifungua kitabu cha likizo, hakuinua macho. "Kitabuni umerudi leo. Likizo ya mwaka huu umeshaimaliza."

Tarmuji alitoka. Alikwenda chini ya mti, akapiga magoti kwenye mizizi, akayasema yote aliyoyaweka miaka mitatu, na mwisho akalia, "Mama, nisamehe."

Juu majani yalitikisika. Sauti yake mwenyewe ikamjibu kwa upole, na kikohozi kidogo mwishoni.

"Samahani kaka, unamtafuta nani? Mama yangu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume."