Kata kwa Mwili Wako

"Laki tatu na nusu, Chiriku. Siombi sadaka, nadai changu."

"Na mimi nimesema utalipwa wiki ikiisha. Kwani nahama mji?"

"Ulisema nikikata kitambaa utalipa. Nikakata. Ukasema nikishona shanga utalipa. Nikashona mpaka macho yakaingia ukungu. Leo wiki ikiisha! Mwenzangu, ahadi zako zina miguu. Kila nikizikaribia, zinasogea."

Chiriku alicheka, kicheko cha kukwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Zamani alikuwa mwimbaji wa kujaza ukumbi. Sasa sauti ilikuwa imemwisha, na wenye ukumbi walishamwambia kwamba wiki hii ya maonyesho ndiyo nafasi yake ya mwisho. Fundi alilijua hilo, ndiyo maana alikubali kushona kwa mkopo. Ndiyo maana pia hakuuliza kwa nini Chiriku hakuja hata mara moja kupimwa.

"Kata kwa mwili wako," Chiriku alikuwa amemwambia. "Tangu wasichana tunavaa nguo moja, leo ndiyo uanze kunizungushia tepu?"

Ilikuwa kweli. Mume alipomfukuza Chiriku na begi moja mkononi, alikuja kulala kitanda kimoja na Fundi, shuka moja, na Mama, mzazi wa Fundi, akawapakulia sahani moja bila kuuliza mgeni atakaa mpaka lini. Basi Fundi akaikata ile hariri kwa mabega yake, kwa kiuno chake, kwa shingo yake mwenyewe. Gauni lilipokamilika, Chiriku akaomba jambo moja zaidi: Fundi alivae kutwa nzima, lishike umbo. Hariri haihitaji kushikishwa umbo, fundi yeyote anajua. Naye alijua, akalivaa hivyo hivyo, kwa sababu ukimpenda mtu unapokea upuuzi wake kama mzigo wa mgeni: unautua ndani bila kuufungua.

Sasa alilitoa kwenye hanga akashtuka. Lilikuwa limening'inia hapo tangu jana, lakini lilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa mwilini sasa hivi. Harufu yake ilikuwa ya ubani na nywele zilizoungua.

"Pasi yako inaunguza," Chiriku alisema haraka, akalikunja. Kisha akamtilia mkononi bahasha. "Acha kununa. Tiketi hizo, wiki nzima, meza ya mbele kabisa. Maisha yako yote umeingia ukumbini kwa mlango wa jikoni. Safari hii ingia kwa mlango wa watu."

Hapo Fundi aliifungua bahasha akazihesabu tiketi. Hasira zake ziko karibu, lakini na moyo wake hauko mbali.

Na alifurahi, jamani, tusimnyime haki yake. Usiku wa kwanza alicheka mpaka akaomba maji. Mchekeshaji mfupi alipita katikati ya meza akilalamika kwamba mwenye nyumba wake anaipenda sana nyumba ile, haipiti tarehe mosi bila kuja kuijulia hali. Mtu wa viinimacho alimvua tajiri mmoja saa, akaitoa ndani ya mkate. Wachezaji waliporusha miguu, Fundi alikuwa akitazama pindo alizowashonea zikipepea kwenye taa, akamnong'oneza jirani wa meza, "Hizo nimeshona mimi."

Mwishoni alitoka Chiriku ndani ya gauni. Akafungua kinywa, na ukumbi ukanyamaza. Sauti ilikuwa nzito na laini, inamwagika bila kushikwa. Watu walisimama kwenye viti. Fundi alilia kwa furaha kama mzazi.

Asubuhi koo lilikuwa likimkereketa.

"Ni moshi wa sigara za watu," alimwambia Mama.

Usiku wa pili alirudi, akacheka tena, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Alipolala, aliota anapimwa. Tepu baridi ilipita begani, ikashuka kiunoni, ikapanda, ikamzunguka shingo taratibu kama inavyozungushwa na mtu anayeijua kazi. Alifumbua macho. Chumba kilikuwa kitupu, mlango umefungwa kwa ndani, lakini ile baridi ilikuwa bado inasogea shingoni pake, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa juu ya mto.

"Mbona huimbi?" Mama alimuuliza asubuhi, akiwa kwenye kiti chake cha dirishani. Masikio yake yalikuwa mazito tangu zamani, hivyo alisema kwa sauti ya kuita mtaa mzima. "Nimezoea kuusikia ule wimbo wako kwenye cherehani. Leo cherehani inalia peke yake kama mjane."

Fundi alijaribu. Ulikuwa wimbo usio na maneno, aliutunga mwenyewe miaka mingi iliyopita, wa kuendea na mguu kwenye kanyagio. Kilitoka kijisauti kama cha mlango wa kabati.

Usiku uliofuata Chiriku aliuimba wimbo ule.

Aliuimba wote, usio na neno hata moja, na Fundi, aliyekuwa ameshika glasi, alihisi koo lake likipanda na kushuka kwa kila noti, ulimi ukijipinda, midomo ikifunguka na kufumba kama ya samaki aliyetolewa majini, na hakuna kilichotoka, kwa sababu kilichopaswa kutoka kwake kilikuwa kikitokea kule juu, kwenye taa, ndani ya hariri aliyoikata kwa shingo yake mwenyewe.

"Dada," jirani wa meza alimgusa kiwiko, "hebu acha kumwigiza mwenzio. Unanitia hofu."

Fundi aliinuka, akapita ule mlango wa jikoni anaoujua, akaingia chumba cha kuvalia bila kubisha. Alimsubiri hapo mpaka Chiriku akaingia na makofi yakiwa bado yanamfuata mgongoni.

"Umenifanya nini?" Ilitoka kama pumzi.

Chiriku alijaribu kutabasamu, akashindwa, akafunga mlango.

"Usipige kelele."

"Nipige na nini? Umenibakishia nini cha kupigia?"

"Kinasikia," Chiriku alinong'ona, akilishika gauni kifuani. "Nisikilize kwanza, shoga yangu. Nilikwenda mahali nikaomba sauti. Kikaja kitu. Kikasema sauti nitapata, lakini chenyewe kimechoka kukaa upepo, kinataka mwili. Nikipe gauni lenye vipimo vya mwili huo, na mwenye vipimo awe amelivaa kwanza. Siku ya onyesho la mwisho, kitaingia."

"Mwili wa nani?"

"Kilitaka wangu." Machozi yalimtoka, na ya kweli. "Ndipo nikakukumbuka wewe."

Fundi alizikumbuka zile siku. Shuka moja, sahani moja.

"Uliniuza."

"Sikukuuza! Nimekukopesha tu. Wewe una roho ngumu, utakizoea. Mimi ningekufa, mwenzangu. Bila jukwaa mimi ni nani?"

Akamfuta Fundi kola kwa vidole, kama alivyozoea kumfanyia tangu utotoni. Hapo ndipo Fundi alipoona kwamba mkono ule ulikuwa bado unampenda, na kwamba hilo halikumzuia chochote.

Hakurudi tena ukumbini. Alikaa nyumbani, na sauti ikazidi kukauka, na kila alipofumba macho tepu ilirudi. Mama aliita mganga. Alikuja mchana, mkoba begani, akaomba malipo ya awali, akaingia chumba cha kushonea. Alinusa. Akalitazama lile sanamu la kuvishia nguo lililosimama pembeni, lisilo na kichwa wala mikono. Akatoka mbio bila mkoba, na pesa akaziacha juu ya ngazi. Tumsifu kwa hilo la pesa.

Siku ya onyesho la mwisho, jua likiwa utosini, Mama akiwa amesinzia kwenye kiti chake, kanyagio la cherehani lilianza kwenda lenyewe. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliliona sanamu likigeuka, polepole, kwa mlio wa mti mkavu, mpaka kifua chake cha kitambaa kikamwelekea. Na mle ndani, mahali ambapo hapakuwa na koo wala kinywa, ikatoka sauti ya Fundi mwenyewe, nzito, laini, ile aliyolilia ukumbini, ikisema kwa upole, "Simama nikuvae," na miguu yake, ambayo hakuiamuru, ikaanza kujikusanya chini yake, na tepu ikakaza shingoni, na baridi ikamwingia kwenye kucha ikipanda kama maji yanavyopanda kwenye utambi, kwenye vifundo, kwenye magoti, mpaka akasikia ndani ya kifua chake mtu mwingine akivuta pumzi.

Kunong'ona hakuhitaji sauti. Alinong'ona.

"Nani kakupa?"

"Mwenye gauni," sanamu lilisema.

"Mwenye gauni ni nani?"

"Mwimbaji."

"Amelipa?"

Kanyagio likasita.

"Nakuuliza, bwana. Amelipa? Nguo isiyolipiwa ni ya fundi. Hata ya harusi, hata kama watu wamekwisha kula na kucheza, pesa isipotoka nguo inarudi kwenye msumari wangu. Hiyo ndiyo kazi, haikuanza na mimi. Laki tatu na nusu hajatoa hata senti. Amekupa kitu ambacho si chake." Alivuta pumzi, na safari hii ilikuwa yake. "Umedhulumiwa. Wewe na mimi, wote, na mtu mmoja."

Kanyagio likasimama kabisa, hata Mama akaamka.

"Ni kauli ya kweli?" sauti iliuliza.

"Nenda kamuulize."

Tepu ikalegea. Kitu kilipita karibu na uso wake, kikiwa na haraka, na dirisha likajipiga.

Haikupita saa, mlango ukagongwa kwa viganja viwili. Chiriku aliingia amejifunika koti, akalidondosha, na Mama akashika kinywa. Gauni lilikuwa limembana mpaka hariri ilikuwa ikipanda na kushuka peke yake, bila kufuata pumzi zake. Fundi aliitafuta zipu mgongoni, aliyoitia kwa mkono wake. Haikuwepo. Palikuwa na mshono mpya, mwembamba, safi kuliko wowote aliowahi kushona, na haikuonekana ngozi ilipoishia na kitambaa kilipoanzia.

"Pokea," Chiriku alikwaruza kwa ile sauti yake ya zamani iliyokwisha. Alimwaga noti juu ya meza ya kukatia. "Zote. Na zaidi. Kimekuja kuniuliza kama nimelipa. Nimekopa kwa wenye ukumbi. Pokea, dada yangu, tuwe sawa."

"Pokea, mwanangu," Mama alisema. "Ulimdai, kaleta. Chukua aende."

Mkono wa Fundi ulikwenda. Maisha yote ulikuwa ukienda hivyo, deni likiletwa unalipokea. Vidole vilikaribia noti, na pale pembeni, sanamu lililokuwa limesimama tuli lilitoa mlio mdogo wa mti mkavu na kuanza kugeuka kumwelekea.

Alielewa. Akishapokea, gauni ni la Chiriku. Likiwa la Chiriku, alichokitoa alikuwa na haki ya kukitoa.

Alimtazama usoni rafiki yake. Chiriku aliinamisha macho. Alijua. Alikuja akijua.

Fundi aliurudisha mkono, akauweka mgongoni. Sanamu likatulia. Alipofungua kinywa, sauti ilitoka nzima, nzito, hata Mama na masikio yake akageuza kichwa.

"Pesa zako rudisha kwenye pochi."

"Tafadhali. Tuliolala shuka moja..."

"Sitaki pesa," Fundi alisema. "Nataka gauni langu. Livue."