Pumzi za Kisondela

Tulikuwa tunapeleka nguo. Hicho tu ndicho kilichotutoa nyumbani Alhamisi ile: suruali moja nyeupe na shati moja jeupe, vimekunjwa ndani ya mfuko wa rambo, ili Ambindwile avijaribu kabla ya ubatizo wake wa Jumamosi.

Ilikuwa Juni, mwaka tisini na nane. Anayeijua Tukuyu ya Juni atanielewa. Ukungu unashuka mapema kutoka mlima Rungwe, unalala juu ya migomba, na mtu aliye hatua kumi mbele yako anageuka kivuli.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kwetu ni Voi, Kenya, na nilikuwa nimetumwa Tanzania kwa miaka miwili kama mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu walituita Wamormoni, yakaisha. Miaka ile madhehebu mapya yalikuwa yanaingia kama mitumba, kila mwezi furushi jipya, na watu walikuwa wameshazoea kugeuza na kutazama kabla ya kuchukua.

Kifuani nilivaa kibati cheusi kilichoandikwa "Mzee Mwakio". Ndivyo tunavyoitana sisi wamisionari, hata ukiwa kijana. Mwenzangu, Mzee Sorensen, alikuwa na miaka kumi na tisa, mzungu mrefu kutoka Idaho ambako wazazi wake walilima viazi. Sokoni walimcheka hadi wakachoka. Mimi hawakunicheka sana. Waliposoma jina langu walisema, "Mwakio? Mwa... Wewe ni wetu." Wanyakyusa nao majina yao mengi huanza na Mwa, kama yetu sisi Wataita. Nilieleza mwanzoni. Baadaye niliacha, kwa sababu jina lile lilinifungulia milango.

Ndilo lililonifungulia mlango wa Ambindwile.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mkulima wa chai na ndizi kule Kisondela. Alituambia siku ya kwanza, huku mke wake Tupokigwe akitumiminia maziwa baada ya sisi kukataa chai, "Mmekuja kumwambia mwenye shamba la chai asinywe chai. Nyinyi ni jasiri." Lakini alisikiliza. Alirudi kusikiliza tena. Mwezi wa nne akaacha pombe, wa tano akaacha chai. Mimi aliniita mdogo wangu. Nikamwita kaka, na Tupokigwe nikamwita shemeji. Nilikuwa mbali na kwetu na nilifurahi kuitwa hivyo.

Mwisho wa mwezi wa tano, kaka yake mkubwa akafa. Aliitwa Lukasi. Boma lake lilikuwa nyuma ya migomba ya Ambindwile, umbali wa kuitana. Mimi sikuwahi kumwona.

Siku ya pili baada ya mazishi Ambindwile alikuja mjini kwa miguu. Alisimama mlangoni kwetu, viatu vimejaa tope.

"Mdogo wangu," aliniambia, "watu wako matangani. Wanalala pale. Desturi ni mimi nilale nao, kisha niwapikie pombe ya ulezi waliochimba kaburi. Nifanye nini?"

Nilipaswa kumuuliza Sorensen. Nilipaswa kuwapigia viongozi wetu simu. Kanisa letu halimkatazi mtu kumlilia ndugu yake, na hakuna aliyenituma kusema nilichosema. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa na tarehe ya ubatizo kwenye daftari, na niliogopa kumpoteza.

"Achana na pombe," nilimwambia. "Na matanga usiende. Kesho jioni tuna somo. Njoo kwenye somo."

Kesho yake akaja kwenye somo.

Wiki mbili zilipita. Na Alhamisi ile, pikapu iliyokuwa inakwenda kuchukua majani ya chai ikatushusha njia panda ya Kisondela, saa kumi na mbili jioni, mimi na Sorensen na mfuko wa nguo.

Tulikuwa na kanuni moja ambayo hatukuwahi kuivunja. Hakuna kuachana. Popote anapokwenda mmoja, mwenzake amwone na amsikie. Kwa hiyo nilikuwa nimezoea kusikia hatua zake. Sorensen alitembea kwa kuburuta kisigino cha kulia.

Tulianza kushuka. Njia ilikuwa nyembamba, migomba kushoto na kulia. Sorensen nyuma, mimi mbele. Nilisikia kisigino chake kikiburuta.

Na nikasikia hatua nyingine.

Hizi zilikuwa za miguu mitupu. Laini. Zenye maji.

Niligeuka. Sorensen peke yake, pua nyekundu kwa baridi.

"Nini?" akauliza.

"Hakuna kitu."

Tukaendelea. Harufu ikaja, harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na ndani yake ukakasi wa kimea cha ulezi. Na migomba... migomba ilikuwa inapumua. Sijui niseme vipi. Upepo hukimbia, hupiga majani, hupita. Hii ilikuja, ikarudi. Ikaja, ikarudi. Kama watu wengi waliokaa gizani wakivuta pumzi kwa pamoja.

Mama mmoja alitokea kwenye ukungu akiwa na ndoo ya maziwa kichwani. Alisimama pembeni kutupisha, akakunja magoti kidogo kama wafanyavyo akina mama wa kule.

"Ugonile," akanisalimia.

Nikaitikia. Akamgeukia Sorensen. "Ugonile." Sorensen naye akaitikia kwa matamshi yake.

Kisha mama yule akageuza uso kidogo, kuelekea nafasi iliyokuwa nyuma ya Sorensen. Akakunja magoti tena, chini zaidi kuliko mwanzo.

"Ugonile," alisema.

Hakuna aliyemjibu. Au labda alijibiwa, kwa sababu alitikisa kichwa, akapanda njia na ndoo yake.

Tulifika tukiwa karibu tunakimbia.

Tupokigwe alifungua mlango akiwa na kibatari. Hakucheka kama kawaida yake. Alitupeleka jikoni, na hapo nilimwona Ambindwile.

Alikuwa amekaa juu ya kigoda, karibu kabisa na moto, amejifunika mablanketi matatu. Anatetemeka. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nilimshika mkono, nikauachia. Ulikuwa baridi kama jiwe lililotolewa mtoni. Na moto ulikuwa unawaka vizuri. Mimi mwenyewe nilianza kutokwa na jasho.

"Tangu lini?"

"Jumapili," Tupokigwe akanong'ona. "Zahanati wamempima. Si malaria. Wamempa vidonge vya bure tu."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Alikataa. Alisema mtaahirisha Jumamosi."

Akautazama mfuko niliokuwa nao. Shati jeupe lilikuwa limechungulia nje.

"Shemeji," alisema taratibu, "ficha hiyo. Majirani wamesikia kwamba mnakuja kumpima nguo nyeupe. Wanauliza kama na jeneza mmeshapima."

Nikausukuma mfuko nyuma ya mlango. Alinisogelea sikioni.

"Hii ni mbepo," alisema. "Baridi ya pumzi za watu. Mtu akiwakosea wenzake, hawamtukani. Hawamgusi. Wananung'unika tu, kila mtu moyoni mwake, na pumzi zao zinamfikia. Wapo pale kwa Lukasi tangu Jumapili. Wamekaa tu. Hawaimbi, hawali."

"Sisi tutamwombea," nilisema, kwa sababu ndilo nililokuwa nalijua.

Katika kanisa letu mgonjwa huwekewa mikono kichwani na wamisionari wawili. Tulisimama nyuma ya kigoda, mimi kulia, Sorensen kushoto. Tukaweka mikono juu ya nywele zake. Hata nywele zilikuwa baridi. Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni na kibatari. Tukafumba macho, Sorensen akaanza kuomba kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Nilisikia mkono wake ukiwekwa juu ya wangu. Ndivyo tunavyofanya wakati mwingine, mikono ikapandana. Sikushtuka.

Ulikuwa mkono mkubwa. Kiganja chenye sugu.

Una unyevu.

Ukaanza kukandamiza. Taratibu... kama mtu anayezamisha mtungi kisimani. Vidole vyangu viliuma. Kichwa cha Ambindwile kikaanza kuinama.

Nilifumbua macho.

Mikono miwili ya Sorensen ilikuwa upande wake, kushoto. Niliiona yote miwili, myeupe. Mikono yangu ilikuwa upande wangu. Juu yake hapakuwa na kitu. Lakini nyama ya vidole vyangu ilikuwa imebonyea, na nilipojaribu kuvitoa, havikutoka.

Ambindwile alisema, kwa sauti ndogo kabisa, bila kugeuka:

"Lukasi, mkono wako ni mzito."

Sorensen akanyamaza katikati ya neno.

Uzito ukaondoka. Mlango wa uani ulisogea kidogo, ukarudi. Kibatari cha Tupokigwe hakikutikisika.

Hakuna aliyepiga kelele. Niliwahi kudhani kwamba watu hupiga kelele.

"Nataka kwenda kwa kaka yangu," alisema Ambindwile, machozi yakimtoka. "Siwezi kusimama. Nendeni nyinyi kwanza. Waambieni."

Sorensen alinitazama. Angeweza kusema twende zetu. Kanuni zilitutaka tuwe nyumbani saa tatu, na pikapu ya mwisho ilikuwa inapita karibuni. Alikuwa mweupe kama lile shati. Alisema, "Mimi ninakwenda pamoja na wewe."

Tulipita kwenye migomba kwa tochi. Zile pumzi zilikuwa zinakuja, zinarudi, zinaongezeka kadiri tulivyokaribia. Uani kwa Lukasi walikuwa wamekaa watu kama ishirini, wanaume na wanawake, chini, bila moto. Tulipoingia, pumzi zilikatika.

Aliyesimama alikuwa Andongwisye, aliyekua pamoja na Lukasi tangu utotoni na kuchimba kaburi lake. Alichukua tochi mkononi mwangu, akanimulika kifuani.

"Hapa imeandikwa mzee," alisema. "Basi jibu kama mzee. Neno lile alilisema nani? La kwamba mtu asimlilie kaka yake."

Ningeweza kusema ni kanisa. Ningeweza kusema Ambindwile aliamua mwenyewe. Nilihisi vidole vyangu vinauma.

"Nilisema mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aje kwetu. Niliogopa akija huku hatarudi."

Mtu mmoja alikohoa.

"Ulimjua Lukasi?"

"Hapana."

"Alikuwa mkali," alisema Andongwisye. "Alimlea huyo mdogo wake tangu baba yao afe. Alimbeba mgongoni kumvusha mto akienda shule. Sasa umemjua. Kaa chini umlilie."

Nikakaa. Sorensen akakaa kando yangu, magoti yake marefu yamemfika kidevuni. Sikudhani nitalia. Babu yangu alikuwa amekufa Voi nikiwa huku, na sikwenda kumzika kwa ajili ya kazi ile ile. Nikalia hadi nikaishiwa sauti.

Andongwisye alitia maji mdomoni, akayapuliza chini kama mtu anayetema kinyongo. Akasema linalomuuma, kwa Kinyakyusa. Akafuata mwingine. Mwingine. Kila mmoja alisema lake kwa sauti, mbele ya watu, kisha akapuliza maji. Walipomaliza waliinuka wote, wakaenda kumchukua Ambindwile, wakamleta amejishikiza mabegani mwao, akalala kifudifudi juu ya kaburi la kaka yake.

Kabla ya saa tatu alikuwa anatokwa na jasho. Alitupa blanketi la kwanza, kisha la pili.

Wiki iliyofuata Tupokigwe alipika pombe ya ulezi. Ambindwile hakuinywa. Aliwapa kwa mikono yake waliochimba kaburi, mmoja mmoja, na hakuna aliyenung'unika. Alibatizwa mwezi wa tisa. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa Dar es Salaam, lakini aliniandikia. Alisema maji yalikuwa ya baridi kweli, ile baridi nzuri.

Siku niliyokuja kuaga Kisondela, Andongwisye alinisindikiza mpaka njia panda. Nilimuuliza kama yameisha.

"Sisi tulisema yetu," alijibu. "Ya Lukasi hatukuyasikia. Marehemu hapulizi maji."

Sorensen nilimuuliza mara moja tu, kuhusu ule mkono.

"Nilidhani ni mkono wa mama Tupokigwe," alisema. "Ulikuwa juu ya wangu pia."

Sasa nina mke na watoto, Voi, ambako joto halina adabu. Miaka michache baada ya kurudi, jirani yetu alifiwa na dada. Dada huyo sikuwa namjua. Nilikuwa nimechoka kazini, nikasema nitakwenda kesho. Ilikuwa Februari, mabati yanalia kwa jua. Nilikaa kula. Kijiko kikaniponyoka. Nilivitazama vidole vyangu: vilikuwa baridi, vya kijivu, na vimebonyea.

Nilivaa viatu nikaenda.

Tangu hapo nikisikia msiba ninakwenda, uwe wa ninayemjua au nisiyemjua. Ninakaa mpaka mtu wa mwisho ainuke. Mke wangu huwaambia watu kwamba mume wake ana moyo wa huruma, na wananipenda kwa hilo.

Sijawahi kumwambia vinginevyo. Hubaki nimekaa pale kwenye turubai, mikono chini ya mapaja, nikisubiri ipate joto.