Msalaba wa Ukurasa wa Arobaini

Jumanne ya kwanza ya Februari, saa tisa alasiri, Doreen Hebblethwaite alifungua kitabu kilichochapishwa mwezi uliotangulia na kusema amekwisha kukisoma.

Gillian, bintiye, ndiye aliyekiazima maktaba asubuhi hiyo. Alikuwa wa kwanza. Alimwambia mama yake hivyo huku akivua koti.

"Yule mwalimu wa watoto anaolewa na ndugu mdogo," Doreen alisema. "Kaka mtu anaanguka na farasi. Nipe kingine, mwanangu."

Gillian aliangalia kurasa za mwisho akiwa amesimama jikoni, birika likichemka. Ndugu mdogo. Farasi.

Doreen alikuwa na miaka themanini na minne. Kiharusi kilikuwa kimelegeza mkono wake wa kulia mwezi Oktoba, na tangu hapo hakutoka nje ya nyumba yake ya mawe huko Harrowclough, bondeni kaskazini mwa Uingereza. Kilichombakia ni hadithi za mapenzi ya zama za kale: makabaila na magari ya farasi, mabinti wasio na mahari, dansi za mishumaani, barua zinazochelewa. Alikuwa na imani moja, ambayo familia iliichukulia kama utani. Mtu hafi akiwa katikati ya kitabu. Kwa hiyo hakumaliza kimoja kabla ya kuanza kingine, na usiku wa kiharusi alikuwa amefika katikati ya hadithi ya nahodha na mjane. Madaktari walisema ni bahati. Yeye alisema ni nahodha.

Sasa kila alichofungua kilikuwa kimeshakwisha.

Alijaribu vitano wiki hiyo. Katika kila kimoja alisoma aya mbili, akataja mwisho, akakifunga. Kufikia Ijumaa aliacha mkate wake wa kuchoma ukapoa kwenye sahani. Gillian, aliyekuwa mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno na aliyekwisha kuona wazee wengi wakichanganyikiwa, alidhani ni kumbukumbu inayoharibika. Ila kumbukumbu iliyoharibika husahau. Haijui mambo ambayo haijayaona.

Jumapili, giza la saa kumi na mbili likiwa limeshaingia, alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia sebuleni karatasi ikifunuliwa. Kimya kidogo, kisha nyingine. Alifurahi: mama anasoma. Alipochungulia mlangoni, mikono ya Doreen ilikuwa imelala juu ya blanketi, kitabu kimefungwa mapajani, naye akitazama mbele. Sauti ya kurasa iliendelea, haraka haraka, kutoka nyuma ya kiti, mahali palipokuwa na ukuta tu, na pamoja nayo ikaja harufu ya peremende kali za minti, nzito kama pumzi ya mtu aliyeinama karibu.

"Anasoma upesi mno," Doreen alinong'ona. "Mwambie anisubiri."

"Nani, mama?"

"Huyu wa begani."

Watu wa bonde lile hawana neno la mzimu. Husema tu kwamba fulani hajaondoka, na hulisema kwa sauti ndogo.

Kesho yake Gillian alivirudisha vitabu vyote. Maktaba ile ilikuwa ikiendeshwa na wakazi waliojitolea, na mezani alikuwapo Beryl Openshaw, aliyesoma shule moja na Doreen. Gillian alimweleza, akijaribu kucheka. Beryl hakucheka. Alichukua kitabu cha juu, akaenda moja kwa moja ukurasa wa arobaini, akakuta kando ya namba msalaba mdogo wa penseli.

"Huu umeuweka wewe?"

Gillian alikiri. Mama yake alikuwa na desturi ya kutia alama kwenye vitabu alivyosoma, herufi D yenye mkia, ili asije akaazima kimoja mara mbili. Mkono ulipolegea alimwomba binti amtilie alama yoyote nyepesi. Gillian aliona misalaba ya namna hiyo katika vitabu vingi vya rafu ya hadithi za mapenzi, akadhani ni alama ya kila mtu. Akawa anaitia mapema, siku ya kuazima, asije akasahau.

Hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Kuandika ndani ya kitabu cha maktaba kulikatazwa, kwa hiyo wanawake wa rafu ile hawakuizungumzia desturi hiyo hata wao kwa wao. Kila mmoja alikuwa na alama yake. Kila mmoja alizijua za wenzake.

"Hii ni ya Enid Sugden," Beryl alisema. "Tulimzika miaka minne iliyopita. Akinyonya minti kutwa, na hakukubali mtu amtangulie kitabu. Umekaa miezi unamwandikia kwamba vyote hivi kasoma. Basi amekuja kuvisoma."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua, kipenzi. Enid ndiye hajui kwamba hukujua."

Kasisi, mwanamke aitwaye Philippa Nuttall, aliitwa na Beryl, akaja alasiri ya siku iliyofuata akiwa na koti la mvua na kitabu cha sala. Aliuliza maswali machache. Kisha akamwambia Gillian alete raba.

Walikaa sebuleni, wanawake wanne na rundo la vitabu ambavyo Beryl alikuwa amevileta kutoka maktaba. Kasisi alisoma sala ya marehemu, Beryl akifunua, Gillian akifuta. Msalaba wa kwanza ulitoka kirahisi, na wa pili, lakini walipofika katikati ya rundo harufu ya minti ilianza kupanda tena, kwanza karibu na kiti, kisha kila mahali, mpaka macho yakawatoka machozi, na vitabu vilivyokwisha kufutwa vikaanza kujifunua vyenyewe sakafuni, kurasa zikikimbia kuelekea mwisho kana kwamba mtu ana zamu moja tu ya kuvimaliza vyote, huku kasisi akipandisha sauti bila kuacha neno, na Beryl akisema polepole, kama anavyosema na jirani, "Enid, inatosha sasa, umesoma vya kutosha, mwache Doreen na vyake."

Kilibaki kimoja, na Doreen alikuwa amekishika. Mkono wake wa kulia, ambao tangu Oktoba haukuweza kubana kijiko, ulikuwa umekibana hata vidole vikawa vyeupe.

"Mama, niachie."

"Si mimi niliyeshika," Doreen alisema.

Gillian alipiga magoti, akaingiza raba kati ya kurasa, akafuta kwa kupapasa. Mkono ukalegea. Vurumai ya kurasa ikakatika. Nje mvua ilikuwa ikinyesha.

Doreen aliusoma ukurasa ule kwa muda. Kisha akauliza, "Huyu msichana anarudi kwao au harudi?"

Gillian alilia. Beryl alikwenda kuchemsha maji.

Februari iliisha bila tukio. Doreen alikula. Alijifunza kuandika D yake kwa mkono wa kushoto, mkia ukiwa umepinda, na Gillian hakutia tena alama ya mtu.

Jumatano ya pili ya Machi, saa nne asubuhi, Gillian alimwacha mama yake kitini na kitabu kipya, utepe ukiwa kwenye sura ya tatu, akaenda maktaba. Sanduku la vitabu vipya lilikuwa limefika. Beryl alikata utepe wa gundi mbele yake, akatoa cha juu, akakifungua ukurasa wa arobaini, kwa mazoea tu.

Msalaba ulikuwapo. Kando yake palikuwa na herufi D, yenye mkia uliopinda.

Gillian alikimbia. Nyumba ilinuka minti kuanzia mlangoni. Daktari alifika adhuhuri na kuandika kwamba ni moyo, na kwamba hakuteseka. Kitabu kilikuwa mapajani, kimefungwa. Utepe ulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho.