Mayai ya Nyamizi

Vumilia aligundua asubuhi, akimfunga mwanawe mgongoni: Enock hana harufu. Mtoto wa miezi mitatu, ametoka kuogeshwa na kupakwa mafuta, unamnusa kisogoni unakuta patupu, kama unanusa ukuta. Akamnusa tena. Akajicheka, akasema ni mafua yake mwenyewe, akaenda zake kufagia.

Mchana akaipata harufu ya mwanawe. Ilikuwa katika chumba cha chatu.

Pale Runzewe, Mayala mumewe alijulikana kwa mambo mawili: alikuwa myeye, mcheza ngoma na nyoka, na alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Wenzake walitosheka na chatu wa madoadoa. Yeye alitaka mweupe pee, asiye na doa hata moja, wa kuwatoa macho wapinzani msimu wa ngoma baada ya mavuno. Miaka sita alikuwa akipandisha huyu na yule, akichagua waliopauka. Sasa Nyamizi, jike kubwa kuliko wote, alikuwa amejizungusha kwenye mayai thelathini na mawili ndani ya boksi la mbao, akitetemeka kuyapa joto. Vumilia alimzoea kama mtu anavyomzoea mama mkwe, kwa heshima na kwa mbali.

Harufu ilitoka kwenye mayai.

"Baba Enock, hebu njoo unuse hapa."

Mayala akanusa. "Mafuta ya mtoto hayo. Umeyamwaga mwenyewe."

"Sijawahi kuyaingiza humu."

"Basi funga mlango, unamsumbua Nyamizi."

Kufikia Ijumaa Enock alikuwa wa baridi. Homa hana, kulia halii, anavuta ziwa mara mbili anaacha. Zahanati hawakuona ugonjwa. Jumapili, jua likiwa utosini na majirani wako kanisani, Vumilia alikuwa jikoni aliposikia mtoto analia, akapeleka mkono nyuma kumpigapiga kama afanyavyo kila mama, akaimba kidogo, ndipo akahisi kwamba mgongo wake umetulia tuli, kwamba kifua kilichomwegemea hakitikisiki, na kwamba kilio, kilio kilekile cha Enock chenye kikwikwi mwishoni, kinatoka nyuma ya mlango wa chatu, kwanza kimoja, halafu viwili, halafu vingi, vyote sauti moja.

Alimpigia simu Asteria, shangazi yake Mayala, myeye mkongwe wa Ushirombo. Mama huyo alifika kwa bodaboda kabla ya saa tisa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakukaa. Aliingia chumba cha chatu, akatoka ameziba mdomo kwa kiganja. "Dume alikuwa nani?" akanong'ona.

Mayala akaangalia chini. "Yule wa manjano."

"Yule wa manjano alizaliwa na nani?"

Mayala akageuka kuondoka.

"Mayala, nakuuliza."

"Na Nyamizi. Shangazi, rangi haishiki usipomrudisha mtoto kwa mama yake. Mbona wafuga mbuzi wanafanya?"

"Mbuzi tunawapaka dawa? Tunawatambulisha kwa mizimu? Huyu tulimpa jina la bibi yako, akawa mtu wa ukoo. Na wewe umemlaza mama na mwanawe ndani ya nyumba yetu!" Akanyoosha kidole kwenye mlango wa chatu. "Jini hakuvunja mlango hapa. Umemfungulia. Mayai yale hayana roho, yanatafuta. Yanamgawana mtoto huyu."

Vumilia alipiga magoti. "Shangazi, niokolee mwanangu."

"Yarudi porini leo hii, yote, na mama yao. Likianguliwa hata moja chini ya paa hili, halitakuwa na wa kugawana naye. Litamchukua mzima."

Asteria alibaki na mtoto, akimfukiza dawa. Nyamizi hakukubali kushikwa na mwingine, kwa hiyo Mayala aliingia peke yake, akatia nyoka na mayai kwenye magunia, akayapakia kwenye mkokoteni kuyapeleka porini.

"Yote?" Asteria aliuliza.

"Yote."

Jua lilipozama Enock akapiga chafya. Akalia. Akanyonya mpaka akapaliwa, na Vumilia akalia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Siku ya tisa tangu magunia yaondoke, saa nne asubuhi, Mayala alimwita kutoka stoo.

"Mama Enock! Njoo uone!"

Alikuwa amechuchumaa mbele ya katoni ya sabuni iliyojaa pumba za mpunga. Juu ya pumba, kando ya ganda lililopasuka, alilala nyoka mweupe pee.

"Nilibakiza moja tu," alisema, machozi yakimtoka. "Na mtoto si mzima? Si unamwona?"

Vumilia alitaka kupiga kelele. Nyoka akainua kichwa, akamtazama. Nyoka hana kope, kila mke wa myeye anajua hilo. Huyu alipepesa macho, taratibu, kama mtoto anayeamka.

Maziwa yakamchuruzika Vumilia, yakalowesha gauni. Mgongoni alichobeba kilikuwa kizito na cha baridi. Alifungua kitenge, akakilaza sakafuni bila kukitazama, akaingiza mikono yote miwili kwenye pumba.

"Njoo, baba," alisema. "Njoo unyonye."