Milioni Moja na Moja

Kila jioni Lorine aliosha vyombo penye mfereji wa ploti yao kule Migosi, na mfereji huo ndio uliokuwa redio ya mtaa. Habari haikupita hapo bila kutiwa chumvi. Wiki hiyo, habari ilikuwa yeye mwenyewe.

Mwalimu Gordon alikuwa amewaambia wanafunzi wa Gredi ya Saba kila mmoja achague nambari kubwa, kisha aeleze tabia zake siku ya wazazi. Lorine alichagua milioni moja na moja. Aliigawanya kwa mbili, tatu, tano, saba, akakazana hadi tisini na saba. Kila mara kulibaki kitu. Alipofika mia moja mkono ulikuwa umechoka, akafunga kazi. Akatangaza kwamba hiyo ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Laiti angeishia hapo! Jumapili nyumba yao ilijaa wageni, soda zikafunguliwa, watu wakaanza pakruok, ule mtindo wa kujisifu kwa mbwembwe mbele ya wenzako. Lorine akaruka katikati.

"Mimi Lorine, milioni moja na moja, nisiyegawanywa na yeyote!"

Vigelegele vikapasua paa. Kufikia Jumatatu hata muuza samaki wadogo wa omena alimwita Asiyegawanyika.

Ijumaa, Naeema, rafiki yake wa mlango wa pili, alimkuta mferejini.

"Asiyegawanyika, umejaribu mia moja na moja? Si mnafanana, kichwani moja, mkiani moja?"

"Wivu tu huo, Naeema."

"Wivu wa nini? Jaribu basi, madam."

Lorine akaokota kipande cha makaa, akagawanya palepale kwenye saruji. Likatoka jibu: elfu tisa, mia tisa na moja. Hakukubaki kitu.

Akalifuta haraka kwa mguu. "Nani atajua?"

"Mimi sisemi," Naeema alijibu. "Lakini wewe ndiye utakayesimama mbele."

Kesho yake, siku ya wazazi, ukumbi wa shule ulifurika. Mama yake Lorine, aliyekwisha kuwaambia nusu ya Migosi habari za nambari ya bintiye, alikaa mbele kabisa na kitenge kipya. "Asiyegawanyika!" mtu akaita kutoka nyuma.

Lorine akasimama mbele ya ubao.

"Wazazi wetu, nilikosea. Nilichoka nikaacha kazi njiani, halafu nikajisifu. Inagawanyika." Akaandika ubaoni: 101 × 9,901 = 1,000,001.

Lorine akainua kidevu.

"Mimi Lorine, milioni moja na moja! Mia moja na moja imenigawanya, na bado nimesimama!"

Mama yake ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wengine wakafuata, viti vikasukumwa.

Mwalimu Gordon alingoja watulie. "Niliijua nambari hii tangu mwanzo," alisema. "Nilitaka kuona kama aliyeileta ataimaliza. Watoto, kazi iliyobaki kidogo bado haijaisha, msiitangaze. Na ukigundua umekosea, sema mwenyewe, kama Lorine."

Walipotoka, Naeema alimvuta mkono. "Na elfu tisa, mia tisa na moja, ni tasa?"

"Wewe!" Lorine akacheka. "Mdomo wangu umefungwa mpaka nimalize kugawanya."