Wakunga Wanne wa Mke wa Fundi

Mama Mikono alikuwa mkunga mkubwa wa wodi ya wazazi. Alikuwa na miaka ishirini kazini. Wajawazito walimtaka yeye tu. Simu yake haikupoa. Chai yake ndiyo iliyopoa, kila siku.

Mwaka huo hospitali ilibadili utaratibu. Wakunga wanne, yeye akiwemo, waliunda timu. Kila mjamzito angepimwa na wote wanne, kwa zamu, ili siku ya kujifungua asikutane na mgeni.

Mama Mikono alinuna. "Wajawazito wangu wamenizoea mimi," alisema.

Mke wa fundi cherehani naye aligoma. Alikuwa na mimba ya miezi minane. "Mimi namtaka mama. Hawa wengine siwajui."

"Utanijuaje na wewe unanikimbia?" mkunga mpya wa timu alimtania. "Panda kitandani, dada. Mikono yangu haina baridi."

Alimpima tumbo taratibu. Akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kisha akafungua kadi. "Uzazi wa kwanza ulikwendaje?"

"Alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua," alijibu Mama Mikono, aliyesimama kando. "Nilikuwepo."

"Mbona jambo hilo kwenye kadi halipo?"

"Lipo hapa." Mama Mikono aligusa kichwa chake.

"Samahani, mama. Kichwa hicho ukienda nacho nyumbani, sisi tutasoma wapi?"

Mama Mikono alitaka kukasirika. Kicheko kikamtoka. Akaomba kalamu, akaandika. Wiki nzima alikaa na wenzake, akijaza kadi za wajawazito wengine.

Siku ya uchungu, Mama Mikono alikuwa mapumzikoni. Fundi alibabaika mlangoni. "Mama Mikono yuko wapi?"

"Tulia, mume wangu," alisema mkewe. "Huyu namjua."

Mkunga mpya alishasoma kadi. Alimpa daktari taarifa. Akamwita mwenzake, wakaandaa dripu na sindano ya kuzuia damu.

Mchana mtoto wa kike alilia. Wakamchoma mzazi sindano. Hata hivyo, damu ikaanza kumwagika. Mkunga mmoja alisugua tumbo, mwingine akafungua dripu. Daktari akafika mara moja. Hakuna aliyetafuta kitu. Vyote vilikuwa mezani. Damu ikapungua, kisha ikakatika.

Kesho yake Mama Mikono aliingia wodini, macho maangavu kwa usingizi wa kutosha. Akampakata mtoto.

"Nilikukosa, mama," alisema mke wa fundi. "Lakini sikukosa mkunga."

Mama Mikono akatabasamu. Moyo wake ulikuwa mweupe.